Ajira za kijani Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuingia kazini, usalama na haki

Maswali haya yameokotwa vijiweni, kwenye mikutano ya vijiji na ufukweni bahari ikiwa imekupwa, kuanzia Moa hadi Kipumbwi. Yaliyoulizwa mara moja tu nimeyaacha. Yaliyobaki ni yale yanayorudi kila mahali kwa maneno tofauti, na dukuduku ni lile lile: hii kazi mpya inayosifiwa, na mimi nimo? Sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara.

## Misingi

1. Ajira ya kijani ni nini hasa?

Ni kazi inayotunza au kurudisha mazingira, na papo hapo ni kazi ya staha: inalipa kwa haki, haimuumizi anayeifanya, na haimnyang'anyi haki zake. Shirika la Kazi Duniani (ILO) linazishika pande zote mbili kwa pamoja.

Upande wa pili ndio unaosahaulika. Mtu akishinda matopeni anapanda mikoko pekupeku, hana maji ya kunywa, na malipo yake yakakaa miezi mitatu, msitu umefaidika lakini yeye ameumizwa. Kazi hiyo bado haijastahili kuitwa ajira ya kijani, hata kama bango la mradi limeandikwa hivyo.

2. Hapa Tanga kazi hizo ziko wapi?

Pwani kuna kilimo cha mwani, upandaji wa mikoko, unenepeshaji wa kaa na ufugaji wa nyuki. Mjini kuna ufundi wa umeme wa jua, ukusanyaji wa plastiki na chuma chakavu, na utengenezaji wa mkaa mbadala. Milimani, upande wa Amani na Lushoto, kuna vitalu vya miche, viungo na ulinzi wa misitu.

Halafu kuna mkonge, ambao umekuwa nasi tangu 1893. Singa, yaani nyuzi tunazouza, ni kama asilimia 4 tu ya jani. Kinachobaki ni maji na masalia, na kwa miaka mingi yalimwagwa tu nyuma ya korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kuyageuza masalia hayo kuwa biogesi na umeme. Kwa hiyo mtu wa mashamba ya mkonge asidhani ajira ya kijani ni jambo la watu wa baharini peke yao.

3. Lazima niwe nimesoma?

Hapana. Nyingi zinataka ujuzi wa mikono na wa mahali. Mzee anayezijua aina za miti ya mikoko, mkoko wenyewe unaota wapi, mchu wapi na mlilana wapi, ana elimu ambayo mradi mzima unaweza kufeli bila yeye (swali la 11). Panapohitajika cheti ni kwenye umeme. Soma swali la 5.

4. Kazi za bomba la mafuta kule Chongoleani nazo ni za kijani?

Bomba hilo, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, ni la kubeba mafuta ghafi, kwa hiyo kazi zake haziingii kwenye hesabu hii. Haki za mfanyakazi haziangalii rangi, lakini. Majibu ya swali la 9 na yale ya 14 hadi 17 yanamhusu mchomeleaji wa bomba sawasawa na mpanda mikoko.

## Kuingia kazini

5. Nafunga sola mitaani miaka sita sasa, ila sina cheti. Nifanye nini?

Nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, Tanga ipo, uulizie urasimishaji wa ujuzi. Utaratibu huu uliwekwa kwa ajili ya mafundi waliojifunzia kazini: unapimwa unachokiweza, unafundishwa pale ulipopungukiwa, kisha unapewa cheti bila kuanza moja. Kazi za kufunga mifumo ya umeme zina leseni za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na cheti ndicho mlango wa kuifikia leseni.

Ninawasihi mafundi wasilidharau hili. Fundi asiye na karatasi huishia kuwa msaidizi wa aliye nayo, hata pale anapomzidi ufundi, na malipo hufuata karatasi.

6. Kikundi chetu hakina mtaji. Fedha za halmashauri tunazipataje?

Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa 2023 na ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, ndiyo maana baadhi ya watu bado wanadhani imefungwa. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kina katiba na akaunti ya benki.

Kwenye andiko la biashara, wekeni na gharama za usalama: viatu, glavu, majaketi ya kuokolea. Nimeyasoma maandiko mengi ya vikundi vya pwani. Yana kamba, yana mbegu, yana hata fulana za uzinduzi, lakini viatu hamna.

7. Nina ulemavu. Waajiri wananiambia kazi hii "hutaiweza". Sheria inasemaje?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Hivyo swali la haki si kama utaiweza kazi ilivyo. Ni nini kibadilishwe ili uifanye.

Mara nyingi ni kidogo sana. Chanja ya kuanikia mwani ikiwekwa usawa wa kiuno cha mtu aliyeketi, anayetumia kiti cha magurudumu anapanga na kugeuza mwani kama mwingine yeyote, na wenye mgongo mbovu nao wanapona. Kufunga mbegu kwenye kamba ni kazi ya kukaa. Kwenye kitalu, meza ya viriba ikiinuliwa, anayetembelea magongo hainami. Kwa kiziwi anayefanya kazi na kikosi cha sola, mkubaliane ishara za hatari kabla hamjapanda paa, na mafunzo yawe na mkalimani wa lugha ya alama.

Mtu mwenye ualbino asipangiwe kazi ya jua kali eti kwa sababu "ndiyo iliyopo". Apewe kazi ya kivulini, na pasipokwepeka jua, mikono mirefu, kofia pana na mafuta ya kuzuia jua. Mafuta hayo hutengenezwa hapa nchini, Moshi.

8. Kwa nini mwani ukihamia maji ya kina wanawake wanapungua?

Swali hili huulizwa na akina mama wenyewe, na ndilo zito kuliko yote katika ukurasa huu.

Kilimo cha mwani kwenye mwambao wetu kimebebwa na wanawake kwa sababu kilikuwa cha miguu. Bahari inakupwa, unatembea hadi shambani, unafunga kamba kwenye vigingi, unarudi. Lakini maji ya kando yamezidi kupata joto. Mwani aina ya kotoni, wenye bei nzuri, hauvumilii joto: unaugua, unapauka, unakatika. Spinosamu unastahimili zaidi ila bei yake ni ndogo. Wataalamu wakashauri mashamba yasogezwe kwenye kina, ambako maji ni ya baridi. Ushauri ni sahihi kwa mwani. Kwa mama wa Tongoni asiyejua kuogelea na asiye na ngarawa, ni kama kumwambia shamba lake limehamia ng'ambo.

Kinachotokea baada ya hapo tumekiona: wanaume wenye vyombo wanaingia, mama anabaki kuanika na kufunga mbegu kwa ujira wa siku kwenye zao lililokuwa lake. Mradi wowote unaotaka kupeleka mwani kinani uanze na mambo manne kabla ya kamba ya kwanza: mafunzo ya kuogelea yanayofundishwa na wanawake, kwa mavazi ya heshima ambayo mama wa pwani hataona haya kuyavaa, chombo kinachomilikiwa na kikundi, si cha kukodi, majaketi ya kuokolea kwa idadi ya watu, na majina ya wanawake kwenye hati za shamba. Bila hayo, faida itapatikana ila haitakuwa yao.

9. Nina mimba. Wanaweza kunipumzisha bila malipo?

Kwa aliyeajiriwa, hapana. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Mjamzito au anayenyonyesha hapaswi kupewa kazi ya hatari kwake au kwa mtoto. Kwa kazi zetu hizi ninahesabu kubeba magunia ya mwani mbichi, kuvunja betri, na kupulizia dawa kitaluni. Anayenyonyesha ana haki ya hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba naye ana likizo isiyopungua siku 3.

Kwa wanakikundi wasio na mwajiri, yaandikeni haya kwenye katiba yenu, pamoja na mgawo wa mwenzenu aliyejifungua.

## Usalama

10. Kwenye mwani kuna hatari gani, na tunajikingaje?

Kwanza jua. Maji ya bamvu, yale ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwenye mwambao huu hukupwa sana kuanzia kama saa nne asubuhi kuelekea adhuhuri, kwa hiyo siku zile zile bahari inapokuruhusu kufanya kazi ndizo siku za jua la utosini, na maji yanalirudisha usoni. Macho huwasha na kuwa mekundu. Kofia pana juu ya mtandio, mikono mirefu, na dumu la maji ya kunywa linaloelea likiwa limefungwa kwenye kigingi. Mtu akipata kizunguzungu, akaanza kuongea ovyo au ngozi ikawa ya moto, mtoeni juani, mmwagieni maji, mpepeeni, na apelekwe hospitali haraka.

Pili miguu. Miiba ya baharini, magamba ya chaza, na taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, aliyejifukia mchangani. Vaa raba ngumu na soksi nzito. Kandambili huchomoka topeni. Unapotembea buruza miguu, taa akisikia ataondoka. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, maana sumu yake hupoozwa na joto. Kisha nenda zahanati. Vipande vya mwiba hubaki ndani na jeraha hutunga usaha.

Tatu mgongo. Mwani mbichi ni maji matupu. Bebeni wawili kwa mti, au vuteni kwa rafti ndogo wakati maji yanaanza kujaa, badala ya mama mmoja kujitwisha gunia linalomwagika chumvi hadi machoni.

11. Kwenye mikoko je?

Nyingi ni zile za swali la 10. Ongeza mbu, na maji yanayojaa kwa nyuma kupitia mikondo mkiwa ndani mmeinama. Mmoja asipande, kazi yake iwe kuangalia maji na kuhesabu watu.

Kuna jambo la malipo linalogeuka kuwa la usalama. Mnapolipwa kwa idadi ya miche, watu hukimbizana, hawapumziki, na hupanda popote penye tope laini hata kama mti huo si wa hapo. Baada ya mwaka miche imekufa na lawama zinawaangukia wapandaji. Ombeni malipo ya siku, na nyongeza kwa miche itakayohesabika hai baadaye.

12. Ninafunga sola. Mbona naambiwa ni hatari wakati ni umeme mdogo?

Paneli zikiunganishwa mfululizo si mdogo tena. Na jua halina swichi: mchana kutwa paneli ina umeme hata ukiwa umezima kila kitu chini. Zifunike kwa turubai kabla ya kugusa nyaya, kisha pima. Usichomoe kiunganishi kikiwa kinapitisha mkondo.

Hatari nyingine ni paa lenyewe. Mabati ya pwani huliwa na chumvi, juu yanang'aa na chini yamekwisha. Kanyaga penye misumari, ambako kuna mbao, funga mkanda wa usalama, na usipande peke yako. Betri za asidi zichajiwe penye hewa, mbali na moto. Zikifa zisivunjwe uani ili kutoa madini ya risasi: vumbi lake huingia kwenye damu, na watoto ndio huathirika zaidi. Hata nguo za kazi zisichanganywe na za nyumbani.

13. Tunaokota chupa na vyuma. Nikichomwa na sindano nifanye nini?

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usilibinye jeraha, na fika kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Kabla hayajatokea, ulizieni chanjo za pepopunda na homa ya ini B. Vaeni glavu nzito na tumieni ndoano, msipekue mfuko kwa mkono.

Na mizani ya mnunuzi iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mkiwa na mashaka nayo, ripotini huko kama kikundi.

## Haki na malipo

14. Vifaa vya kinga anunue nani?

Kama una mwajiri, ni yeye, bila kukukata hata shilingi. Ndivyo inavyotaka Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kwa watu wa mkonge, hii inahusu sana barakoa za vumbi kwenye chumba cha brashi, ambako singa husuguliwa. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi lile laini.

15. Mimi ni kibarua tu, sina mkataba. Nina haki yoyote?

Unayo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inakuchukulia kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo dalili mojawapo kati ya hizi ipo: anayekupa kazi anakupangia kazi au saa, anakupa zana, unamtegemea kwa kipato, unamfanyia yeye peke yake, au umefanya kazi kwake wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Ukiwa mwajiriwa, saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu.

Masharti ya kazi kuyaandika ni wajibu wa mwajiri. Mkifika mbele ya sheria na hakuna maandishi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Hata hivyo weka daftari lako: tarehe, saa, kazi, malipo. Nimeona daftari la shule lenye jalada lililochanika likimsaidia mtu kulipwa miezi yake yote.

16. Nimeumia kazini.

Tibiwa kwanza, kisha mjulishe mwajiri mara moja mbele ya mashahidi. Fidia hutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na madai yafikishwe ndani ya miezi 12. Mchango wa mfuko hulipwa na mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa kwenye mshahara, hilo ni kosa. Kama una mashaka iwapo wewe ni mwajiriwa, rudi swali la 15.

17. Nimefukuzwa, au silipwi. Niende wapi?

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Kwa kuachishwa kazi una siku 30, kwa migogoro mingine siku 60. Siku hizo 30 au 60 huwaponyoka wengi wanaosubiri ahadi ya "njoo wiki ijayo". Kujiunga na chama cha wafanyakazi ni haki yako pia. Mashambani kuna TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo.

18. Msimamizi anataka tulale naye ili majina yetu yaingie kwenye orodha ya kazi.

Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Si aibu yako, ni kosa lake. Piga 113 TAKUKURU, bure, kabla hujamjibu chochote. Hifadhi ujumbe wote wa simu. Kwa vikundi na miradi: orodha ya wanaochukuliwa ibandikwe hadharani ofisi ya kijiji, na isiandikwe na mtu mmoja.

## Yanayotatiza zaidi

19. Mnunuzi mmoja ndiye katupa kamba na mbegu, na ndiye pekee tunaruhusiwa kumuuzia. Sisi ni wakulima au wafanyakazi wake?

Ziangalieni dalili za swali la 15 moja moja. Zana ni zake, kipato kinamtegemea, na hamna mwingine wa kumfanyia. Kuna hoja ya kweli ya kuitwa waajiriwa, na afisa kazi wa mkoa anaweza kuwaelekeza. Kama mnapenda kubaki wakulima huru, basi mkataba useme bei ya chini ya msimu, kamba zinalipwa kwa kilo ngapi, na siku ya kuwa zenu. Kamba isiyo na mwisho wa deni ndiyo inayowafunga.

20. Watoto wanatusaidia shambani wakirudi shule. Ni kosa?

Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kazi nyepesi isiyogusa masomo. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kazi ya hatari. Kufunga mbegu barazani jioni na mama ni tofauti na kuingia majini wakati wa masomo. Tatizo kwetu ni bamvu: haliangalii ratiba ya shule. Vikundi vilivyopanga zamu ya mama mmoja kubaki na watoto, akihesabiwa siku yake kama walioingia majini, vimelimaliza hili.

21. Mradi ukiisha au soko likifungwa, tunabaki na nini?

Waulizeni wafugaji wa vipepeo wa Amani. Walifuga mabuu kando ya msitu, wakauza nje ya nchi, na msitu ukawa na maana mfukoni mwao. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ukasitishwa, na soko likakatika kwa tamko moja.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, ulizeni nani mwingine atanunua, vifaa vitakuwa vya nani siku mradi ukifunga ofisi, na vyeti vya mafunzo vitatambuliwa na VETA au ni karatasi za semina tu. Wekeni akiba NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unapokea pia waliojiajiri. Kikundi cha mwani kinachotengeneza na sabuni hakilali njaa mnunuzi wa mwani mkavu asipokuja bamvu moja au mawili.